Sahani Tupu Kutoka Kiponda

Wifi yangu alifunua kawa, akafunika, akafunua tena, kama anayeyapa macho yake nafasi ya pili. Sahani ilikuwa tupu. Na si tupu ya kubakia makombo. Ilikuwa imeoshwa, imefutwa, maua yake ya buluu pembeni yanang'aa kama siku niliyoinunua.

"Subhanallah," alisema, mkono kifuani. "Hata chumvi?"

Uso ulinichoma kama uliomwagiwa maji ya moto. Binti aliyeileta alikuwa bado amesimama mlangoni, buibui lake kalifunga vizuri, macho chini. Alitoa shikamoo mbili, yangu na ya wifi, moja moja kwa adabu. Akangoja. Kisha akageuka akaondoka taratibu kushika njia ya mjini.

Wajukuu zangu huniuliza, bibi, sahani tupu ina nini? Nawaambia, kwenu nyinyi haina kitu, kwetu ilikuwa na maneno mengi. Ramadhani Unguja watu hupelekeana futari. Huyu kapika tambi, yule kapika mihogo ya nazi, na alasiri utaona watoto wanapishana njiani na sahani zilizofunikwa makawa. Na chombo cha mwenzio hakirudi kitupu. Kama umepika, utatia ulichopika. Kama hukupika utatia ndimu, utatia embe, utatia chumvi ya kubana kwa vidole vitatu. Mama yangu alinifundisha hilo kabla hajanifundisha kuwasha moto. Kumrudishia mtu chombo kitupu ni kumwambia, umenipa, nimekula, basi, tusijuane.

Na hii yetu haikuwa sahani ya ujirani tu. Tuliipeleka mtaa wa Kiponda ikatuamulie kama mwanangu aende skuli au asiende.

Kabla sijaendelea niseme hili. Majina ya watu wote hawa ninayo. Mimi sikusoma sana, nilimaliza chuo cha Kurani, na skuli nilionja madarasa mawili nikatolewa kwenda kulea wadogo zangu. Lakini jina likishaingia kichwani mwangu halitoki. Nnaweza kukutajia Kikwajuni yetu nyumba kwa nyumba, aliyekaa, aliyehama, nani mama yake na nani alimnyonyesha. Hapa sitolitaja hata moja. Haya ni mambo ya njaa na ya kustahi, na wenyewe wana wajukuu.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini, Mapinduzi yameshapita lakini watoto waliozaliwa baada yake bado wadogo. Binti yetu mkubwa alimaliza madarasa yake na nafasi ya kuendelea hakuipata. Nafasi zilikuwa chache, jina lake halikuwemo, na nyakati zile mtu hakuuliza mara mbili. Mtoto akawa anakaa uani na vitabu vyake vya zamani, anavisoma tena na tena kama vitaongezeka kurasa.

Baba yake alikuwa fundi seremala, ana kiwanda kidogo Mkunazini. Yeye ndiye aliyetengeneza sanduku la yule binti wa Kiponda aliyeleta sahani, alipokwenda bara kusoma, upande wa Tanga, juu milimani, kwenye skuli ya kulipia. Skuli hiyo ilikuwa ya dakhalia, yaani wanafunzi wanalala huko huko, wanarudi kwao skuli ikifungwa tu. Tangu alipolipigilia sanduku lile misumari mume wangu hakutulia. Kila alipokaa kwenye baraza alikuwa na habari mpya ya ile skuli, utadhani kalala huko yeye.

Mwaka ule wifi yangu, dada yake mkubwa, alikuja kutoka Kiembe Samaki kufunga Ramadhani na sisi. Kwa hivyo shauri likawa la watu watatu, na kila siku alasiri, tukingoja adhana, lilianza upya.

"Kila mtoto ana kitanda chake cha chuma," mume wangu alisema.

"Na nani atamfunika shuka usiku, hicho chuma?" wifi akamjibu.

"Kuna chumba kizima cha kujaribia mambo ya sayansi. Kuna walimu wanawake watupu."

"Masista."

"Masista, ndio. Wanafundisha vizuri."

"Na asubuhi wataimba naye."

"Waislamu wana chumba chao cha kusalia. Nimeuliza."

"Umemuuliza nani?"

"Mwenye sanduku."

Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. "Yarabi! Ndugu yangu kauliza sanduku! Basi liulize na mafuta wanayopikia ni ya mnyama gani."

"Ya karanga."

"Nani kayaonja?"

"Dada, sasa wewe unataka akae hapa afanye nini?"

"Akae awe mtu. Mimi sikwenda skuli, nimekufa?"

"Hujafa. Lakini ukipata barua unakuja mbio kwangu nikusomee."

"Na wewe ukitaka kula chapati laini unakuja mbio kwangu. Ngoma droo."

Mimi nilikuwa katikati yao na kofia yangu mkononi nadarizi, nasikiliza. Sikuwa na mafuta ya karanga wala vitanda vya chuma moyoni. Nilikuwa na hofu moja tu: nisije nikamtoa mwanangu hapa mlangoni, nikarudishiwa mtu mwingine mwenye sura yake. Ada tungeivumilia. Mume wangu alikuwa na ndugu Tanga wa kumtazama mtoto na wa kutusaidia kupata ruhusa ya kuvuka, maana siku zile bahari ilikuwa na mlango na mlango una mwenyewe. Yote hayo yalikuwa na dawa. Lakini mtoto akiharibika tabia, dawa yake iko wapi?

Kumi la mwisho la Ramadhani tulipoliingia, tukasikia skuli ile imefunga na binti wa Kiponda karudi. Mimi ndiye niliyesema, "Tumuone basi. Kakaa huko, kafundishwa, karudi. Tukitaka kuujua mti tutazame tunda."

Wifi akadakia, "Hatumuoni kwa macho. Mtu akijua anatazamwa huvaa adabu kama nguo ya Sikukuu. Mpelekee sahani."

Nilimfahamu mara moja. Mume wangu alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Mimi mbao napima kwa futi," alisema. "Nyinyi mnapima skuli kwa sahani?"

"Sahani haidanganyi," wifi akasema.

Lazima nieleze vyakula vilivyokuwa mwaka ule, la sivyo mtu hatanifahamu. Vilikuwa havipo. Pesa mwenye nazo alikuwa nazo, lakini mchele haukuwepo dukani, unga ukija unagombaniwa, sukari ya kupimiwa. Mtu akiona foleni hujipanga kwanza ndipo akauliza kunauzwa nini. Siku moja nilisimama kuanzia jua linachomoza, nilipofika mbele nikakuta ni nyuzi za viatu. Tulikula muhogo, tukala mashelisheli, tukala ndizi mbichi, tukarudi kwenye muhogo. Nikishawapakulia watoto wakinitazama, nikisema, "Mimi nshakula," kisha naondoka na sufuria kabla hawajachungulia ndani. Mama wote wa mtaa wetu mwaka ule walikuwa washakula.

Lakini nilikuwa na mchele niliouficha kwa ajili ya Sikukuu, na sukari kidogo. Niliutoa. Niliuroweka, nikautwanga, nikatia nazi, hamira na iliki, nikapika mkate wa kumimina uliochambuka vizuri juu mpaka wifi akautazama kwa huzuni. "Huu kwa kweli unakwenda Kiponda?" aliuliza. Nikaufunika kwa kawa langu zuri, nikampa binti yangu apeleke. Hatukumwambia kwamba sahani ile ndiyo mtihani wake yeye.

Aliporudi, wifi alimhoji kama hakimu.

"Kapokea nani?"

"Mwenyewe, shangazi. Alikuwa anafagia ngazi."

"Kavaaje?"

"Kanga."

"Kasemaje? Kakwambia gudi moning?"

"Kasema, Mwenyezi Mungu awalipe, na mama atafurahi. Kanikaribisha, nikamwambia nna haraka."

Wifi alionekana kama mtu aliyekwenda sokoni akakosa samaki. "Haya," akasema. "Tungojee chombo."

Chombo kilikuja siku ya pili, ndicho hicho nilichokwishakutajia.

Mume wangu aliporudi kutoka kiwandani, wifi alimwekea ile sahani mapajani, akaondoa kawa kwa vidole viwili. Mume wangu akaitazama, akaipindua, akatazama chini yake. Alikuwa mwana wa visiwa hivi kama sisi, hakuhitaji kuelezwa. Nilimuona midomo yake inakauka.

"Labda kasahau," alisema.

"Kasahau chumvi? Nyumba ile? Mimi nimewaona zamani, sahani ya watu ilikuwa ikirudi na halua, ikirudi na zabibu. Mama yake ni mtu wa desturi mpaka kucha. Haya ni mafunzo ya huko. Wamemtia mito ya Ulaya kichwani, chumvi ikakosa pa kukaa."

"Dada..."

"Unanipigia randa maneno yangu? Sahani hiyo hapo! Mtoto aliyelelewa na mama yule, kakaa huko muda huo tu, karudi hajui kurudisha chombo. Wetu atarudi hajui kutoa shikamoo."

Alinitazama mimi. Nami nikasema, "Haendi." Nilisema kwa sauti ndogo lakini lilisikika nyumba nzima, kwa sababu huko uani mbuzi ya nazi, iliyokuwa ikikwaruza tangu mwanzo wa mazungumzo, ilinyamaza. Ilinyamaza, kisha ikaanza tena taratibu. Mwanangu hakuja kulia mbele yetu. Siku zilizofuata alifanya kila alichoagizwa na hakunitazama usoni.

Mume wangu alikuwa kishaweka kando mbao za mvule za sanduku. Alizichukua akazifanya rafu ya sahani, akaitundika jikoni kwangu. Kila nikiingia naiona.

Sasa mimi na yule mama wa Kiponda tulikuwa na kazi pamoja. Watu wale walikuwa na mashamba zamani, na mashamba yalipoondoka, na bwana mwenyewe akavuka asirudi, mama aliingia kwenye kazi ya kofia. Alikuwa na mkono wa kuchora viua sijapata kuuona mwengine. Yeye huchora kitambaa, mimi natoboa vitobo na kudarizi, kisha yeye anatafuta wanunuzi. Karibu na Sikukuu kofia zinatakiwa, kwa hivyo ilinibidi niende. Nilitia kofia kwenye kikapu na neno langu nikalitia mdomoni: nitamwambia, Bi Mkubwa, mwanao wamekuharibia. Nilikwenda nalo kutoka Kikwajuni, nalinoa njia nzima.

Ilikuwa alasiri imeingia. Alasiri ya Ramadhani mjini mtu hahitaji macho. Harufu inakwambia uko mtaa gani na nani kapika nini. Hata mwaka ule wa dhiki ungesikia kitunguu hapa, iliki pale, mafuta yanalia mahala. Nilipiga hodi kwenye lile lango lao kubwa, binti akanifungulia, akanipa mkono, akanitangulia ngazini. Tukapanda ghorofa ya kwanza, tukapanda ya pili ambako jiko lao liko pembeni ya ukumbi, na hapo ndipo nilipoanza kushtuka, sijajua bado nashtuka nini. Nikavuta pumzi. Hakukuwa na harufu. Nyumba nzima ile, saa ile, hainuki kitu ila chokaa.

Nilitupia jicho jikoni. Masufuria yamepangwa, safi, yamefunikwa. Jivu la jikoni la baridi. Watoto wadogo wawili wamelala ukumbini juu ya mkeka, usingizi ule wa mtoto asiye na nguvu za kucheza.

Mama alikaa dirishani kwenye mwanga, kitambaa mapajani, kalamu sikioni. "Karibu, mdogo wangu," akaniambia. Alizipokea kofia, akazitazama moja moja, akasifu vitobo vyangu. Uso wake ulikuwa umebaki macho. Nikasema moyoni, sasa, liseme neno lako. Akanitangulia yeye.

"Mdogo wangu, ile sukari usinicheke." Alikuwa ameinamisha kichwa, anaona haya, mtu mzima yule. "Ndiyo iliyokuwepo. Mkate wako ule kwa kweli ulistahiki chombo kirudi kimejaa. Wewe unajua zamani tulivyokuwa."

Nilidhani sikusikia. Sukari ipi? Mimi nimeiona sahani, wifi kaiona, mume wangu kaipindua. Nikainua macho, na nyuma ya mama nikamuona binti kasimama karibu na mlango wa jiko. Hakutikisa kichwa, hakuweka kidole mdomoni. Alinitazama tu. Katika maisha yangu nimetazamwa na watu wengi wanaotaka kitu kwangu. Sijatazamwa hivyo tena.

"Nimeipata, Bi Mkubwa," nikasema. "Tumetilia uji. Uji ukawa mtamu mpaka wifi yangu akaomba tena."

Nilikuwa nimefunga. Ulimi wangu ukasema uongo mchana wa Ramadhani, ukauremba na kuuremba, wala haukutetemeka. Uso wa mama ulikunjuka. "Alhamdulillahi," akasema, na kweli alifurahi.

Binti alinisindikiza. Ngazi za nyumba zile zina kiza, mtu hushika ukuta. Tulipofika kwenye kona ya chini, kabla ya lango, akasimama.

"Niliitoa mimi, Bi. Hapa hapa."

"Uliitoa ukaipeleka wapi?"

"Nikaifunga pembe ya kanga. Niliporudi nikairudisha koponi. Mama hajui, mimi ndiye nnayepika."

"Mwanangu, ungeacha japo kidogo! Ungeacha ya kuchafua sahani!"

"Ilikuwa kidogo yenyewe, Bi. Vijiko viwili. Mama alikwangua kopo mbele yangu. Wadogo zangu uji wa muhogo mtupu hauwapiti." Alitazama juu ngazini. "Nikasema, bora mnidhanie mimi. Mama anakaa hapa na watu. Mimi nnarudi skuli."

Mtoto wa miaka ile! Sisi tulikaa kwenye baraza tukampima, kumbe alitujua. Alijua sahani itakavyosomwa, akaibeba kwa mikono yake mwenyewe kutoka Kiponda mpaka Kikwajuni, akatoa shikamoo, akasimama akangoja tumtukane.

"Na mama yako?" nikauliza. "Anakula nini?"

"Anasema nshakula. Daku, nshakula. Futari, anafungua kwa maji na tende moja, kisha nshakula."

Neno langu lilinijia kutoka mdomo wa mtoto wa watu, kwenye kiza.

"Na wewe huko skuli?"

"Huko nnashiba, Bi." Alilisema kama anaungama wizi. "Maharage, ugali, mkate asubuhi, chai ya sukari. Kila nikishiba naona haya. Watu wanadhani mama kanipeleka nikasome. Nasoma, na nakuwa wa kwanza. Lakini mjomba wa Mombasa aliposema atalipa, mama hakuuliza wanafundisha nini huko. Aliuliza wanakula mara ngapi."

"Na huyo mjomba hawezi kuwaletea kitu nyinyi?"

"Skuli anaweza kuilipa, Bi. Gunia bandarini halipiti."

Nilitoka nje, jua likanipiga, na mitaa ya Mkunazini ilikuwa inanuka futari. Nilitembea kama niliyepigwa. Tuliuliza vitanda. Tuliuliza mafuta, nyimbo, shuka, shikamoo, nani atamuoa. Mwezi mzima watu watatu wenye akili zao walikaa wakapima ile skuli, na lile swali moja halikutujia, au lilitujia kila mmoja akalimeza. Mimi nililimeza. Nilikuwa nikilimeza kila siku na mate.

Nilipofika nyumbani wifi alikuwa kwenye baraza, kanga kaifunga kiunoni kwa hamu.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Kasemaje?"

"Tumezungumza kofia."

"Kofia! Wewe mwanamke..." Lakini ningemwambiaje? Wifi yangu nilimpenda, Mungu amrehemu, ila mdomo wake ulikuwa unafika Kiembe Samaki kabla ya basi. Heshima ya nyumba ile ilikuwa mikononi mwangu, na nyumba ile haikuwa na kitu kingine kilichobaki.

Nilimfuata mume wangu uani alipokuwa anatia udhu.

"Ile rafu uliyonitundikia jikoni," nikasema. "Ivunje."

"Imekukosea nini?"

"Mbao zake nazitaka. Mtoto atakwenda na nini, na kikapu?"

Aliacha maji yanamwagika. "Na sahani?"

"Sahani haikurudi tupu. Zaidi ya hapo usiniulize, nimeapa kimoyomoyo."

Alinitazama, kisha akautazama mkono wangu nilioegemea nguzo, bangili zimeshuka mpaka kwenye kiganja, zamani zilikuwa hazitoki bila ya sabuni. Akautazama muda. Halafu akaniuliza taratibu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Wanakula mara ngapi huko?"

"Mara tatu," nikasema.

Adhana ikalia. Hatukuzungumza tena juu ya lile jambo, siku ile wala nyengine.

Wifi alipoona rafu inashuka ukutani na sanduku linapigwa randa, alikuja juu. "Unamchongea mwanetu sanduku? Umeshamuona maiti?" Alifunga vitu vyake akarudi kwake kabla ya Sikukuu, na salamu za mkono wa Sikukuu hakuniletea. Nilikubali. Mwanangu naye alipoambiwa anakwenda hakurukaruka kama nilivyodhani. Aliniuliza tu, "Nani kakubadilisha?" Nikamwambia mtu haambiwi kila kitu.

Kiponda niliendelea kupeleka nilichopata, muhogo, boga, samaki wa kupaka akipatikana. Ila sikutia tena kwenye sahani. Nilifunga kwa jani la mgomba. Jani la mgomba halirudishwi, halidai kitu kwa mtu. Yule mama alifahamu, nadhani. Tukaendelea kusifiana viua na vitobo.

Mwanangu alivuka mwanzo wa mwaka. Skuli ilipofunga katikati ya mwaka akarudi, na wifi aliposikia akaja kutoka Kiembe Samaki, ingawa tulikuwa hatusemezani vizuri, kuja kumkagua. Mtoto alimpa shikamoo kwa kupiga magoti. Wifi alimgeuza huku na huku, akamnusa nywele, akamuuliza sura za chuoni, mtoto akasoma bila ya kukwama. Alikuwa kanenepa. Mashavu yamerudi. Mimi nilikuwa siwezi kuacha kumtazama.

Kisha akafungua sanduku. Akatoa nguo za skuli, akatoa vitabu, na chini kabisa akatoa furushi la kanga. Alikwenda jikoni akarudi na ile sahani yangu ya maua ya buluu, akageuka ukutani tusione, akapanga vitu, akafunika kawa, akaja akaiweka mbele yangu.

Wifi ndiye aliyefunua. "Subhanallah," alisema, neno lile lile, ila safari hii lilimtoka kama pumzi.

Ilikuwa mikate. Vipande vya mkate wa skuli, vimekauka vigumu kama vipande vya mbao, vimepangwa duara vizuri, na katikati sukari kwenye kikaratasi. Alikuwa anaweka. Asubuhi anakula kimoja, kimoja anaficha.

"Wape wadogo zako," nikasema. Niliisogeza sahani upande wake. "Mimi nshakula."

"Hujala, mama."

"Nshakula, mwanangu, nimekula asubuhi mihogo..."

"Hujala. Na zamani hukuwa ukila. Nilikuwa nalichungulia sufuria ukilificha uani." Hakuipandisha sauti. Alisogeza chai, akatia ile sukari yote, akakoroga. "Wadogo zangu nimeshawatengea chao. Hiki chako."

Nilimtafuta wifi kwa macho anisaidie, aseme lolote, amtanie mtoto, amkemee. Alikuwa kafunika mdomo kwa ncha ya kanga. Nikachukua kipande, nikakichovya mpaka kikalainika, nikakitia mdomoni. Nikamsogezea wifi naye akachukua. Mwanangu alikaa juu ya sanduku lake, mikono mapajani, akatutazama, wala hakuinuka hapo mpaka sahani ikawa tupu.